Mashine Inaponyamaza

Matongo,
3 Machi 2025

Mdogo wangu Wegesa,

Kifurushi chako kimefika na basi, na viatu vya watoto vimewatosha. Mama anakusalimu. Anasema kama huko Dar es Salaam wameshindwa kukuoa, basi angalau wakunenepeshe.

Mvua imeanza vizuri. Mahindi ya bondeni yamefika magotini, na yule ng'ombe mweupe amezaa jike. Juzi ulipiga simu nikajibu habari za kuku, kumbe ulikuwa unauliza habari za huku. Unisamehe. Baruti ya machimbo ya Nyakunguru ilikula masikio yangu, lakini haikula mkono wa kuandika, kwa hiyo tuendelee hivi hivi.

Uliuliza miguu. Miguu ipo, ila ule wa kushoto umekuwa kama wa mtu mwingine. Nikiuamuru uende, unafikiri kwanza. Mgongo nao unauma zaidi nikilala kuliko nikisimama. Daktari wa Tarime alinigonga magoti kwa nyundo ndogo, akasema eksirei haitoshi, akaniandikia niende Mwanza kwenye kipimo cha MRI. Tulikwenda na Agustina. Bahati mbaya siku ile umeme ulisumbua, hawakuweza kumaliza. Nitarudi baada ya palizi. Usihangaike.

Kaka yako,
Nyangwine


Dar es Salaam,
14 Machi 2025

Kaka Nyangwine, shikamoo.

Habari ya ng'ombe nimeisoma mara moja, ya mguu nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Tafadhali usingoje palizi. Mguu unaofikiri kabla ya kwenda una jambo linaloubana huko juu, kwenye mgongo, na jambo hilo halingoji mahindi.

Mwaka jana uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu "kompyuta" kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa nikueleze vizuri, maana kazi yenyewe imekufikia mgongoni.

Mashine ya MRI haina mionzi. Ni sumaku kubwa yenye tundu katikati. Mtu analala, anaingizwa, kisha mashine inayaamsha maji yaliyo mwilini kwa mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyoitikia. Inasikiliza mstari mmoja, halafu mwingine, mamia kwa mamia, ndipo picha inajengwa. Kwa hiyo inachukua muda mrefu, na mtu akijikuna tu, picha inaharibika. Mtoto hawezi kutulia hivyo. Mwenye maumivu hawezi. Wengine wanangoja miezi kwa sababu mashine ni chache na kila mgonjwa anaikalia karibu saa nzima.

Mimi na wenzangu tunaifundisha kompyuta kuijenga picha kutokana na mistari michache. Tumeionyesha maelfu ya picha zilizokamilika, pamoja na vipimo pungufu vya picha hizo hizo, ikajaribu kuijaza sehemu iliyopungua, ikakosea, ikasahihishwa, ikajaribu tena, mpaka ikajua. Wataalamu wanaiita ujifunzaji wa kina. Mimi naiita subira. Kwa njia hii mgonjwa analala mle ndani dakika chache tu. Bado tuko kwenye utafiti, ila madaktari wameanza kutuamini.

Rudi Mwanza, kaka. Usiogope kitu. Ni kama kuingia kwenye shimo dogo ukalala. Wewe uliyeishi mashimoni utajiona uko nyumbani, na ile gonga-gonga yake itakukumbusha kazi.

Nisalimie mama.

Wegesa


Matongo,
24 Machi 2025

Wifi yangu Wegesa,

Habari za kazi. Naandika nikiwa kwa jirani. Simu ya nyumbani ni moja na Nyangwine anasoma kila ujumbe unaoingia, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Umeme wa Mwanza haukukatika.

Walimlaza vizuri, wakamwingiza, nami nikakaa nje ya mlango. Mashine ikagonga, ikagonga, nikasema moyoni, anaweza. Kisha ikanyamaza kidogo, na hapo ndipo nilipomsikia. Ile haikuwa sauti ya mtu anayeumia. Mimi ni mtu wa Nata, nimeolewa kwa Wakurya miaka mingi, sijawahi kumsikia mwanaume wenu akipiga ukelele ule. Yule mtaalamu alimtoa upesi, kwa upole, wala hakumlaumu. Nyangwine akavaa shati nje ndani, akaondoka anaburuta mguu. Tulipoipita Bunda akasema, "Umeme ulikatika, umesikia?" Nikasema nimesikia.

Sasa kuna jambo hukuambiwa. Mwaka ule wa mtihani wako wa kidato cha sita, tulikuambia kaka yako amelazwa kwa malaria. Haikuwa malaria. Shimo la dhahabu la Nyakunguru, lile duara lao, liliporomoka, yeye na rafiki yake Matiko wakiwa chini. Watu walichimba usiku na mchana. Yeye alitoka hai. Matiko alitolewa amekufa. Mama alisema ukiambiwa utarudi nyumbani, na ukirudi hutamaliza shule. Sote tukanyamaza. Hata ulipokuja kwenye harusi ya mdogo wake Matiko, hakuna aliyekuambia.

Barua yako aliisoma hadi pale ulipoandika "shimo dogo", akaikunja, akatoka kwenda zizini. Sikulaumu, hukujua. Lakini watu hapa wanasema ni Matiko aliyemshika miguu, anamvuta amfuate. Yeye hawakatazi kusema hivyo. Hilo linaniogopesha kuliko ule mguu.

Usimwambie nimeandika.

Agustina


Dar es Salaam,
2 Aprili 2025

Kaka, shikamoo.

Natumaini mnaendelea vizuri. Barua yangu iliyopita ilikuwa ndefu, na mifano yake haikuwa mizuri. Naomba uisahau.

Hospitali tunayofanya nayo utafiti hapa inatafuta watu wenye matatizo ya mgongo. Nimezungumza nao. Ukikubali, utapimwa kwa njia ile ya haraka, nami nitakuwepo. Unaweza kuja wakati wowote. Usijione umelazimishwa.

Wako,
Wegesa


Matongo,
15 Aprili 2025

Wegesa,

Tangu uzaliwe hujawahi kuniomba radhi kwa sababu ya mfano. Kwa hiyo najua Agustina amekuandikia. Simkasirikii. Nimemwambia, akakana, akaunguza ugali, nikajua ni kweli.

Basi niseme mwenyewe. Mimi na Matiko tulitenganishwa na mwamba. Matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, yalivunjika kati yetu, kifusi kikajaa, na taa ikazima. Sikumwona tena, ila nilimsikia. Alikuwa na moko wake, ile patasi ya chuma, anagonga jiwe. Nami nikaokota jiwe nikagonga. Ndivyo tulivyoongea. Akigonga, najua yupo. Nikigonga, anajua nipo. Anapumzika, anagonga tena. Anapumzika, anagonga tena. Halafu akapumzika, nikangoja.

Kule Mwanza kugonga hakukunisumbua. Nilikuwa natulia kama mtoto. Kilichonishinda ni pale mashine iliponyamaza. Sijamwambia mtu jambo hili, hata mke wangu.

Sasa mguu wa kulia nao umeanza. Juzi nilianguka zizini katikati ya ng'ombe, wakanizunguka wasinikanyage hata mmoja, nikalala pale natazama matumbo yao mpaka Agustina alipokuja. Nikaamua sitangoja nianguke mara ya pili. Nitakuja. Lakini unijibu maswali mawili, na usinibembeleze kama mgonjwa.

La kwanza: mtu akiharakisha kazi hukosea. Kompyuta yako ikiona mgongoni mwangu kitu ambacho hakimo, je? Au ikakifuta kilichomo?

La pili: na hiyo yenu, hunyamaza?

Nyangwine


Dar es Salaam,
21 Aprili 2025

Kaka yangu,

Safari nimeipanga na Agustina kwa simu, utakuja na kaka yake, Vicent. Haya mengine nayaandika kwa sababu uliandika yako.

Swali la kwanza. Unakumbuka asubuhi za ukungu kule bondeni? Mtu anayewajua ng'ombe wake akiona pembe na nundu tu, anajua huyu ni yupi. Macho yameona kidogo, akili imejaza. Ndivyo kompyuta yetu inavyofanya. Lakini ng'ombe mgeni akiingia kundini, mtu huyo huyo anaweza kumwona kuwa ni wake, kwa sababu ya mazoea. Hiyo ndiyo hofu yetu kubwa, wala hatuifichi. Kwa hiyo tumeiwekea mipaka: penye kipimo cha kweli, hairuhusiwi kubadilisha chochote, inajaza mapengo tu. Na hakuna picha inayotoka bila kupita kwa daktari bingwa wa picha, Winfrida. Huyo mama hapendezwi na uzuri. Picha ikiwa safi sana ndipo anapoikunjia uso. Mwanzoni nilimwogopa. Sasa namshukuru Mungu kwamba yupo.

Swali la pili. Ndiyo, hunyamaza. Kati ya kipimo kimoja na kingine inatulia kidogo, halafu inaanza tena. Ningeweza kukuandikia kwamba hainyamazi, ungekuja, na ungeingia. Lakini ungeujua uongo wangu ukiwa mle ndani, peke yako.

Nimeomba ruhusa niwe chumbani. Sumaku haimdhuru mtu asiye na chuma mwilini. Nitashika mguu wako tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilicheza ngoma kwenye harusi ya mdogo wake Matiko bila kujua. Mlinificha ili nisome, nami nikasoma.

Wegesa


Dar es Salaam,
9 Mei 2025

Mke wangu Agustina,

Tulifika salama. Kaka yako Vicent alinishusha kwenye basi mabegani kama mbuzi wa mnadani, nikamwambia anishike vizuri, mimi ni shemeji yake.

Nikueleze siku yenyewe, maana Wegesa atakusimulia kwa simu na ataruka mengine.

Chumba kina baridi. Wegesa alikuwa amevua saa na hereni. Wenzake ni vijana watupu. Mmoja wao aliniamkia huku akitetemeka kuliko mimi, kwa sababu, alisema, hajawahi kumpima ndugu wa mtu anayekaa naye meza moja. Walinipa kipira cha kubonyeza nikitaka kutolewa. Juu ya macho wakaweka kioo kidogo kilichoinama, ukikitazama unaona nje, upande wa miguu. Nikaingizwa.

Ikagonga. Nikawa nawapitisha ng'ombe wetu kichwani mmoja mmoja kwa rangi. Kisha ikanyamaza.

Sitakuficha, Matiko alikuwepo. Wegesa alikuwa ameshika mguu wangu kama alivyoahidi, lakini mguu wenyewe hausikii kitu, kwa hiyo kwangu ilikuwa kama hakuna mkono wowote. Vidole vikataka kukikamua kile kipira. Hapo ndipo macho yalipopanda kwenye kioo, nikamwona. Ameukumbatia mguu wangu kifuani kama anayebeba mtoto, na midomo yake inakwenda. Sikusikia anasema nini. Nikaacha kipira. Mashine ikaanza tena, na baada ya muda mfupi wakanitoa. Nilidhani imeharibika. Nikawauliza, "Vipi, umeme?" Wegesa akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini haikuishia hapo. Walinisukuma kwa kiti hadi chumba cha pili kwenye picha. Agustina, niliuona mgongo wangu. Mifupa imepangwa kama matofali, mawili yameliwa pembeni, na katikati yake kuna kitu kimevimba kinasukuma uti. Hata mimi wa darasa la saba niliona. Wale vijana walikuwa wanashikana mikono. Mistari michache vile, na picha safi vile.

Winfrida hakumshika mtu mkono. Ni mama mfupi, amevaa miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Akasema, "Nionyesheni ile ambayo kompyuta haijaijaza." Wakamletea. Ilikuwa na ukungu mtupu. Akasogeza kiti, akaitazama muda mrefu, akarudi kwenye ile safi, akarudi kwenye ya ukungu.

"Uvimbe upo," akasema. "Hapa zote mbili zinakubaliana. Lakini huku chini, hii safi inaonyesha umeishia hapa. Hii nyingine hainiambii hivyo. Na daktari wa upasuaji ataufuata mpaka huu."

Wegesa akaniangalia. "Kaka, sehemu ile inabidi ipimwe upya kwa njia ya zamani, polepole. Tunaweza kungoja mpaka kesho. Tunaweza kukupa dawa usinzie."

Nikamuuliza Winfrida, "Angekuwa ni ndugu yako, ungetaka ipi?"

"Ya polepole, na ningeitaka leo."

Nikasema, "Basi nirudisheni."

Ilichukua muda, na ilinyamaza mara nyingi. Kila iliponyamaza nilitazama kioo. Vicent naye aliomba kuingia, akavuliwa mkanda, akashika mguu wa pili.

Winfrida alikuwa sahihi. Uvimbe ni wa usaha, na umeshuka chini kuliko kompyuta ilivyoonyesha. Ugonjwa iliuona sawasawa, ila mpaka wake iliulainisha, kwa sababu migongo iliyofundishiwa haikuwa na kitu cha namna hii. Na nikuambie kilichonishangaza. Nilidhani Wegesa atajitetea. Alikwenda ubaoni mbele yetu sote, akaandika mahali kompyuta ilipokosea na jinsi watakavyolishughulikia kosa hilo, kwa herufi kubwa, kama anayeandika jina la mgeni wa heshima. Nimewaona wanaume wengi hodari chini ya ardhi. Yule mtoto tuliyemficha habari asome, ni hodari kuliko sisi.

Winfrida anaamini ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya mgongo. Watathibitisha kwa kuupima usaha wenyewe wakiutoa. Anasema wachimbaji wengi wanakipata kwa sababu ya vumbi. Kina dawa. Nitapasuliwa wiki ijayo, kisha vidonge mwaka mzima.

Wewe, mama na watoto mwende mkapimwe kifua. Na waambie wale wanaosema Matiko amenishika miguu kwamba wamwache apumzike.

Mumeo,
Nyangwine


Matongo,
20 Mei 2025

Mume wangu, Baba Wankyo,

Barua yako niliisomea jikoni, halafu nikamsomea mama. Alinisimamisha pale ulipomwambia Winfrida nirudisheni. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo ndiye niliyemzaa," akaendelea kuchambua mboga, lakini alikuwa anatupa majani na kubakiza mabua.

Tumepimwa wote, tuko salama.

Mimi nilibaki kwenye kile kisa cha Matiko kugonga jiwe, kwa sababu Wegesa aliniambia kwa simu akidhani najua. Miaka yote hii ulikuwa unaamka unakaa ukingoni mwa kitanda, nami nadhani ni joto. Ukirudi, ukitaka kukaa ukingoni, niamshe tukae wote.

Wanasema umetolewa chumba cha upasuaji na umetikisa kidole cha mguu. Mwambie Wegesa anieleze ni kidole gani.

Agustina wako


Dar es Salaam,
30 Agosti 2025

Kaka Nyangwine, shikamoo.

Agustina ameniambia unatembea kutoka nyumbani hadi zizini na kurudi, na kwamba fimbo unaibeba kwa ajili ya kuwatisha watoto. Usiache vidonge hata siku moja. Najua unajiona umepona.

Nina habari za kazi. Picha zako, za haraka na za polepole, tulizitumia kwa ruhusa yako kuifundisha kompyuta, bila jina. Zile tulizoanzia zilitoka nchi ambako ugonjwa huu haupatikani sana, ndiyo maana ilikuwa haiujui. Baada yako tulitafuta wagonjwa wengine wa namna hii, Mwanza na hapa, na kila mmoja alipimwa kwa njia zote mbili. Wengi walikubali tulipowaambia kwamba mtu wa kwanza alirudi ndani mara ya pili kwa hiari yake.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka vijiji vya Serengeti, amebebwa kwenye shuka, hawezi kulala chali zaidi ya dakika chache kwa maumivu. Jina lake siwezi kuliandika. Kwa njia ya zamani tusingempata kabisa. Tulimpima kwa haraka, anauma meno, tukamtoa. Uvimbe ulionekana, na safari hii mpaka wake wa chini pia. Winfrida aliomba ile ya ukungu kama kawaida yake, kisha akapima tena kipande kidogo tu, polepole. Zikakubaliana. Akasema, "Sawa." Kaka, kwa Winfrida hilo ni pigo la ngoma. Vijana wangu walitoka nje wakakumbatiana kwenye maegesho ya magari.

Watu wananipongeza. Wananialika kuzungumza, wanauliza kompyuta yetu ina nguvu kiasi gani. Nawaeleza. Lakini nikiwa peke yangu namkumbuka mtu aliyekuwa ametoka kwenye lile tundu mzima, hakuna aliyemlazimisha, akasema nirudisheni. Mimi nilikuwa nje, nimeshika mguu usiosikia. Sijui kama ningeweza kuingia.

Siku ile uliniuliza nilikuwa nasema nini, nikakujibu nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nasema, "Nipo, nipo, nipo." Nilijua husikii.

Mdogo wako,
Wegesa


Matongo,
2 Novemba 2025

Mdogo wangu Wegesa,

Huku tumevuna ulezi, na mama amenenepa yeye badala yako.

Nimeisoma barua yako ya Agosti kwa muda mrefu kabla ya kuijibu, kwa sababu ilinidai kitu, nami sikujua ni kitu gani mpaka juzi. Juzi nilipanda bodaboda hadi Itiryo, nikashuka barabarani, nikapandisha kilima kwa miguu yangu mpaka kwa Mzee Kisyeri, baba yake Matiko. Nilimkuta shambani anapalilia mihogo. Nikamwamkia. Akaitazama miguu yangu kwanza, akasema, "Nilisikia mwanangu amekushika." Nikamwambia hapana, ulikuwa ugonjwa, una jina, na una dawa.

Kisha nikamweleza yote. Siku ya mazishi tulimwambia Matiko hakuteseka, kwamba jiwe lilimmaliza mara moja. Nikamwambia haikuwa hivyo. Nikamwambia habari ya moko na jiwe, jinsi alivyogonga, akapumzika, akagonga. Mzee alikuwa ameegemea jembe, hakuliweka chini. Nilidhani atanifukuza.

Akauliza, "Na wewe ulikuwa unamjibu?"

Nikasema, "Kila alipogonga."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, baba. Na baada ya mwisho niliendelea."

Akanyamaza. Nami nikasimama pale katika ukimya wake, jua kali, nisitafute mahali pa kukimbilia. Ng'ombe walikuwa wanapita njia ya chini, na mtoto mmoja anawaimbia. Baada ya muda akapangusa uso kwa kiganja chenye udongo.

"Basi hakuwa peke yake," akasema.

Akamwita mkewe alete maji ya kunawa, tukaingia ndani, tukala.

Kaka yako,
Nyangwine